Na Tuwe Wanaume: Jinsia, Shule na Kiswahili katika Historia ya Uganda

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ndogo ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kaulimbiu yake ya kwanza ilitungwa kwa Kiingereza, na mfasiri wa Kiswahili hupata taabu nayo. Neno lililotumika katika Kiingereza lilikuwa na maana ya wanaume, lakini kwa mazoea ya wakati ule msemaji angeweza kujitetea kwamba alikusudia wanadamu wote. Kiswahili hakitoi maficho hayo. Mfasiri sharti achague mojawapo: "Na tuwe wanaume" ama "Na tuwe watu". Kwa kuwa katika chuo hicho hapakuwa na msichana hata mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini, naona tafsiri ya kwanza ndiyo iliyo sahihi.

Mwaka 1945 wasichana sita wa kwanza walipokelewa. Kaulimbiu ikabadilishwa, ikawa hii tunayoijua leo, yenye kusema kwamba tunajenga kwa ajili ya siku zijazo.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Wanafunzi wetu wa ualimu wanapoulizwa kuhusu elimu ya mtoto wa kike hutaja upesi miaka: 1945, 1990, 1997, kana kwamba historia ni mfululizo wa milango inayofunguliwa mmoja baada ya mwingine. Miaka hiyo ni ya kweli na nitaifikia. Hata hivyo, mlango wa shule unaweza kufunguliwa kwa amri ya siku moja, ilhali mgawanyo wa kazi nyumbani, urithi wa mali na hata lugha ambayo kila jinsia inaruhusiwa kuimiliki hubadilika kwa mwendo wake wenyewe. Sisi walimu wa Kiswahili jambo hili linatugusa pengine kuliko wenzetu wa masomo mengine. Katika nchi hii somo letu lilikuwa mali ya wanaume kwa muda mrefu, na chanzo chake hakikuwa kitu chochote kilichomo ndani ya lugha yenyewe.

Kusoma na kusomeshwa

Katika Luganda kitenzi okusoma kina maana ya kusoma maandishi, na pia kusali au kuifuata dini. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, wakafuatwa na Wakatoliki mwaka 1879, na wafuasi wao wa mwanzo waliitwa wasomaji. Kwa Waanglikana, mtu kwa kawaida hakubatizwa mpaka ajue kusoma. Sharti hilo halikumbagua mwanamke. Wamisionari wanawake watano walipowasili mwaka 1895, baada ya kutembea kwa miguu kutoka pwani, waliwakuta wanawake wa Buganda ambao tayari walikuwa wakisoma vitabu vya dini kwa lugha yao.

Kwa hiyo mwanzoni kusoma hakukuwa kwa wanaume peke yao. Utengano ulikuja pale kusoma kulipogeuka kuwa kusomeshwa, yaani pale elimu ilipofungamanishwa na cheo na mshahara. Serikali ya kikoloni ilihitaji machifu wanaojua hesabu, makarani na wakalimani. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, kisha Budo na Kisubi mwaka 1906, na shule hizo zilikusudiwa wavulana. Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikusudiwa binti za machifu haohao. Mabinti walijifunza Maandiko, kusoma na kuandika, na pamoja na hayo walilima, walisuka mikeka, walifua na kupika.

Msomaji wa leo huweza kuchukia jembe hilo la Gayaza na kuliona kuwa ni dharau kwa wasichana. Mimi naliona tofauti kidogo. Katika Buganda kilimo cha ndizi kilikuwa kazi ya mwanamke, na mke asiyejua kulima alikuwa aibu kwa wazazi waliomlea. Shule ambayo ingemrudisha binti nyumbani akiwa na mikono laini isingepata wanafunzi mwaka wa pili. Jembe ndilo lililomshawishi baba amtoe bintiye. Lakini bei ya ushawishi huo ilikuwa kubwa, kwani elimu ya msichana ilipimwa tangu siku ile kwa kipimo cha mwanamume aliyesoma: je, itamfaa mume wake? Mvulana wa Budo hakuulizwa kama elimu yake itamfaa mke.

Kazi ya kwanza ya mshahara iliyokubalika kwa msichana aliyesoma ilikuwa ukunga. Dkt. Albert Cook na mkewe Katharine walianzisha mafunzo hayo Mengo, na kwa upande wa Wakatoliki Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland aliyefika nchini mwaka 1903, alifanya hivyo Nsambya. Familia zilikubali ukunga kwa kuwa uliangaliwa kama shughuli za nyumbani zilizosogezwa mbele kidogo. Ualimu wa watoto wadogo ulipita katika mlango huohuo. Taaluma nyingine zilisubiri.

Mwalimu aliyekataa mshahara

Hakuna maisha yanayoonyesha kusubiri huko kwa uwazi kuliko ya Sarah Nyendwoha Ntiro. Alizaliwa Hoima, katika Bunyoro, mwaka 1926. Alisoma Budo, ambayo katika miaka ya 1930 ilikuwa imeanza kuwapokea wasichana, kisha akaingia Makerere akiwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa. Alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo hakutaka kumfundisha mwanamke darasani mwake, naye akalazimika kuchukua masomo mengine. Tazama basi: chuo kilikuwa kimeshamkubali na kaulimbiu ilikuwa imeshabadilishwa, lakini mlango wa chumba kimoja ulibaki umefungwa na mtu mmoja, na hapakuwa na kanuni iliyomlazimisha aufungue.

Mwaka 1951 alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akapata shahada katika historia. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada katika chuo hicho. Aliporudi alifundisha Gayaza, na huko akagundua kwamba mshahara aliopangiwa ulikuwa chini ya ule wa mwanamume mwenye sifa kama zake. Aliukataa. Hakuacha kazi; aliendelea kufundisha bila malipo mpaka suala lake liliposhughulikiwa.

Ninapowasimulia wanafunzi kisa hiki, wengi husifu ujasiri na kuishia hapo. Huwaomba watazame pia hesabu iliyokuwa nyuma ya mshahara ule. Mwanamume alilipwa zaidi kwa hoja kwamba ana familia ya kulisha, na mwanamke alilipwa pungufu kwa hoja kwamba yupo mtu wa kumlisha. Nyumba, pamoja na mpangilio wake wa nani anategemea nani, ilikuwa imehamishiwa ndani ya jedwali la mishahara la serikali. Na uamuzi wa kuendelea kufundisha ulikuwa na busara yake, maana kama angeondoka darasani angewapa wapinzani wake ushahidi walioutaka, kwamba mwanamke haaminiki kazini. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huohuo aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji Mchaga kutoka Machame, aliyekuwa mwalimu wa sanaa Makerere na ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika mjini London. Bi. Ntiro alifariki mwaka 2018.

Katika miaka hiyohiyo wanawake wenzake waligeukia ndoa yenyewe. Baraza la Wanawake wa Uganda, lililoanzishwa katika miaka ya 1940 na kuwakutanisha wanawake Waafrika, Wazungu na Waasia, lilijishughulisha na sheria za ndoa na urithi, na mwaka 1964 serikali iliunda tume ya kuchunguza ndoa, talaka na hadhi ya wanawake chini ya uenyekiti wa William Kalema. Kwamba wanawake waliosoma walikwenda moja kwa moja kwenye suala la urithi si ajabu. Walijua vizuri kwa nini kaka zao walilipiwa ada kwanza.

Lugha ya kambi

Sasa niliguse somo letu. Utafiti mkubwa wa lugha uliofanywa nchini mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972 na Peter Ladefoged na wenzake, ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila watatu aliweza kuzungumza Kiswahili. Ukigawanya idadi hiyo kwa jinsia, picha inabadilika kabisa. Zaidi ya nusu ya wanaume walikizungumza, ilhali wanawake hawakufika mmoja katika kila watano. Pengo la namna hiyo lilikuwepo pia katika Luganda na Kiingereza, lakini la Kiswahili ndilo lililokuwa pana zaidi.

Sababu zake zinaeleweka. Mtu wa Uganda hakupewa Kiswahili na mama yake isipokuwa katika jamii chache, kama vile Wanubi na baadhi ya familia za Kiislamu mijini. Alikipata kazini, na kazi zenyewe zilikuwa za wanaume. Jeshi la kikoloni, lile lililojulikana kama Keya, liliwachukua vijana wengi wa Acholi, Lango na West Nile, na amri zake zilitolewa kwa Kiswahili. Polisi na magereza walifuata desturi hiyo. Mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi yaliwakusanya vibarua kutoka pande nyingi, na reli vilevile. Mwanamume aliondoka nyumbani na kurudi baada ya miaka akiwa na Kiswahili chake. Mkewe alibaki na shamba, watoto na lugha ya kwao. Kutokujua kwake Kiswahili kulikuwa kielelezo cha kutosafiri kwake.

Shule ingeweza kuliziba pengo hilo. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi pana katika elimu ya Waafrika, lakini Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi na maaskofu nao hawakukitaka. Waganda walihofia kwamba Kiswahili kingekuja pamoja na walowezi na unyang'anyi wa ardhi kama ilivyokuwa Kenya, na hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Matokeo yake lakini ni kwamba Kiswahili kilinyimwa nafasi ya maana mahali pekee ambapo msichana angekipata, yaani darasani, na kikaachwa kambini, ambako msichana hakufika.

Na Kiswahili cha kambini kilikuwa cha namna gani? Kilikuwa cha amri. Leta, simama, toka, kimbia. Msichana wa Buganda alifundishwa kupiga magoti anaposalimu, na salamu za kwao ni ndefu na zimejaa adabu. Alipoisikia lugha inayorushwa kama jiwe, aliamini kwamba haina heshima. Wengi hawakuwahi kukutana na shikamoo, wala tafadhali, wala kuwia radhi. Kwa hiyo, kwa wazazi wa Kiganda, binti anayezungumza Kiswahili alizua swali: amekuwa akikaa na nani?

Serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Tamko hilo lingeweza kutusaidia kama lisingetoka kwa askari, katika utawala uleule ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa umepiga marufuku sketi fupi na kuwapa askari ruhusa ya kuwapima wanawake njiani kwa macho. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala, na watu wakasikia, wengine kwa mara ya kwanza, askari anayesema Kiswahili chenye salamu. Kipindi hicho kilikuwa kifupi. Katika miaka ya 1980 ilifuata misako ambayo bado inaitwa kwa maneno mawili ya Kiswahili, "panda gari", kwa kuwa hiyo ndiyo amri waliyopewa watu waliozingirwa kabla ya kupakiwa katika malori. Ukimwuliza mwanamke wa Kampala wa umri mkubwa anajua maneno gani ya Kiswahili, usishangae akianza na hayo. Mwalimu anayelalamika kwamba wazazi wanawachukiza watoto Kiswahili hana budi kwanza aulize wazazi hao walikisikia wapi.

Wakati huohuo, bila tamko lolote, wanawake walianza kukihitaji. Vita na mauaji viliwaacha wengi wakiwa vichwa vya familia, na ada za shule zikawa juu yao. Walikwenda sokoni, kisha mpakani, Busia na Malaba, kununua na kuuza. Mpakani Luganda haitoshi na Kiingereza hakimsaidii mchuuzi. Kiswahili walichojifunza hakikupitia kambini wala shuleni, bali katika kupatana bei. Hakuna aliyewapa cheti, na hata katika idara zetu hatujakitazama kwa makini kiasi kinachostahili.

Pointi moja na nusu

Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika hesabu ya kuingia chuoni. Kabla ya hapo wanawake walikuwa karibu asilimia 27 ya waliopokelewa. Mara baada ya hatua hiyo wakafika karibu asilimia 34. Mwaka 1991 ilifunguliwa Idara ya Masomo ya Wanawake. Utani nao haukukawia. Msichana aliyefaulu kwa alama zake mwenyewe na yule aliyesaidiwa na nyongeza walitupwa kapu moja, na wavulana waliwakumbusha wote ile moja na nusu.

Maoni yangu ni kwamba hatua ile ilikuwa ya haki, ila haikufika mbali kama inavyosifiwa. Nyongeza humfaa aliyefika kidato cha sita. Waliofika huko walitoka kwa wingi Gayaza, Namagunga, Nabbingo na shule nyingine za aina hiyo, kutoka familia ambazo tayari zilikuwa zimeamua kusomesha mabinti. Binti wa kijijini aliyeacha shule darasa la sita hakuguswa. Yeye alisubiri mpaka 1997, wakati Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza. Mpango huo ulilipia watoto wanne kwa kila familia, na uliweka sharti kwamba, pale wasichana wanapokuwepo, angalau wawili kati yao wawe wasichana. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja.

Sharti la wasichana wawili nalipenda kwa sababu liliingia katika mazungumzo ya baba na mama usiku, pale ambapo nafasi hugawanywa. Kabla ya hapo hoja ilikuwa fupi: mtoto wa kike atakwenda kwa watu, mtoto wa kiume atabaki na kurithi. Hoja hiyo haikutokana na ukosefu wa mapenzi kwa mabinti. Iliegemea sheria na mila zilizokuwa zikifanya kazi kweli. Katiba ya 1995 ilitangaza usawa katika ndoa na kuweka miaka 18 kuwa umri wa kuoana. Lakini ilichukua hadi 2007 kwa Mahakama ya Katiba kufuta vifungu vya sheria ya urithi vilivyowabagua wanawake, na kisha miaka mingine 15, hadi 2022, kwa marekebisho ya sheria hiyo kupitishwa. Mahari vilevile: mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika. Kabla ya uamuzi huo, mwanamke aliyetaka kuondoka katika ndoa ya mateso aliweza kuzuiliwa na ng'ombe ambao kaka yake alikuwa ameshawatumia kuolea.

Leo katika mahafali ya Makerere wanawake wamewazidi wanaume kidogo. Wavulana wangu wa mwaka wa kwanza huutaja ukweli huo kwa sauti ya malalamiko, wakidai kwamba mambo yamepinduka na sasa wao ndio wanaoonewa. Siwapuuzi, ni kweli kwamba wapo wavulana wanaopotea njiani bila mtu kuwaandalia mpango. Huwaomba tu waende jioni katika nyumba wanazopanga, wahesabu nani anachota maji na nani anapika kabla ya kufungua daftari.

Kuoa, kuolewa na kitabu cha darasa

Tunajisifu kwamba Kiswahili hakina jinsia katika sarufi. Ni kweli: yeye ni yeye, na mwalimu, daktari na rubani hawabadiliki umbo. Baadhi ya wanafunzi wangu, waliozoea Kiingereza, hufurahia sana jambo hilo na kudai kwamba lugha yetu ina usawa tangu kuumbwa. Huwauliza wanyambulishe kitenzi oa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na tukitaka kumpa mwanamke umbo la kutenda tunasikia kicheko darasani. Basi wenyeji wa lugha nyingine huja na mifano yao. Luganda ina okuwasa kwa mwanamume na okufumbirwa kwa mwanamke, na ndani ya neno hilo la pili mtu husikia okufumba, yaani kupika. Runyankole ina okushwera na okushwerwa, sawasawa na mwenendo wetu. Somo la kauli ya kutendwa, ambalo katika vitabu huwa kavu, huchangamka kwa saa nzima.

Vitabu vyenyewe vinahitaji jicho. Sentensi za mwanzo za mafunzo ya Kiswahili, kwa miaka mingi, zimekuwa za namna hii: mama anapika, baba anasoma gazeti, Asha anafagia, Juma anacheza mpira. Mwandishi hakuwa na nia mbaya, alitafuta vitenzi vyepesi. Lakini mtoto anayejifunza lugha ya kigeni hukariri sentensi hizo mara mia, na anachokariri ni zaidi ya vitenzi. Sipendekezi tugeuze kila kitu, baba apike katika kila ukurasa, kwani watoto hugundua mara moja kwamba wanadanganywa. Naona ni bora mwalimu awaulize wanafunzi nani anafanya nini kwao na waandike sentensi za kweli. Nimeona daftari za wanafunzi wenye mama dereva wa teksi, shangazi askari, na babu anayepika kwa kuwa bibi amekwenda sokoni Busia tangu alfajiri.

Upande wa fasihi nao una mshangao wake. Wanafunzi wanaoamini kwamba Kiswahili ni lugha ya askari hushtuka wanapoambiwa kwamba mojawapo ya tenzi mashuhuri za karne ya 19 ulitungwa na mwanamke wa Pate, Mwana Kupona, kwa ajili ya binti yake. Furaha ya wasichana hudumu mpaka wafike mahali mama huyo anapomfundisha bintiye jinsi ya kumtumikia na kumridhisha mume. Hapo darasa hugawanyika. Wapo wanaosema alimfunga binti yake, na wapo wanaosema alimpa silaha pekee aliyokuwa nayo, naye akiwa mgonjwa na karibu na kufa. Mimi huegemea hawa wa pili, ila sijawahi kuwashinda wale wa kwanza.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu 2020. Februari mwaka huo mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza, na Kiswahili kikawa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, wasichana na wavulana wanatakiwa kukipata Kiswahili mahali pamoja na kwa wakati mmoja, kutoka kwa mwalimu mmoja.

Lakini kundi lile la kwanza la kidato cha kwanza lilisoma kwa wiki chache tu. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu zaidi. Katika miezi hiyo mimba za wasichana wa shule ziliongezeka. Miongozo iliyotolewa na Wizara ya Elimu mwishoni mwa 2020 iliruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Baadhi walirudi, wakakaa dawati moja na wadogo zao.

Mojawapo ya mada za mwanzo ambazo mwalimu wa Kiswahili hufundisha ni familia: baba, mama, kaka, dada, mtoto. Walimu tarajali wetu waliokwenda mazoezini mwaka 2022 waliikuta mada hiyo ikiwasubiri. Mmoja wao aliniletea andalio la somo ambamo alikuwa amefuta zoezi la "Chora familia yako" na kuweka mahali pake "Andika majina ya watu unaoishi nao, na kazi ambayo kila mmoja alifanya jana." Nilimwuliza sababu. Akasema kuna mwanafunzi wake mmoja ambaye katika zoezi la zamani asingejua ajichore wapi, upande wa watoto au upande wa akina mama, na hakutaka aulizwe hivyo mbele ya darasa.